UZI: Ukienda Peru, anza na darasa la mapishi kabla hujapanda milima

#1 – Mleta uzi

Habari za humu ndani, wakuu.

Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka auhifadhi auendee jioni.

Nimesoma nyuzi nyingi za safari za Amerika ya Kusini, na karibu zote zinazogusa Peru zinaanzia Machu Picchu, yale magofu ya Wainka milimani, na kuishia kwenye picha ya alpaka, mnyama wa sufu wa kule. Machu Picchu nimeiona na inastahili nauli yake. Ila kilichonifanya niielewe nchi ile ni darasa la mapishi, na ushauri wangu nausimamia: lifanye siku za mwanzo kabisa, ukiwa Lima, mji mkuu. Wageni wengi huliacha la mwisho ili kuua saa kabla ya ndege. Matokeo yake wanajua jina la chakula walichokuwa wakikipita mtaani kila asubuhi wakati mabegi yameshafungwa.

La pili, chagua darasa linaloanzia sokoni. Yapo madarasa ambayo mgeni anakuta kila kitu kimeshaoshwa, kimekatwa na kupangwa kwenye vibakuli, yeye anamimina tu na kupigwa picha. Hilo sikushauri. Kabla hujalipa uliza mambo haya: tunakwenda soko gani, nani anashika kisu, watu wangapi kwa jiko moja, na mwalimu anapika hivyo nyumbani kwake au la.

Sisi tulianzia soko la Surquillo, lile Nambari 1, jirani kabisa na Miraflores wanakofikia watalii wengi. Mwalimu wetu ni mama wa makamo aliyefundishwa jiko na bibi yake, na pale sokoni kila meza anajulikana. Yeye anamwita muuzaji "casera", yaani mtu wake wa kila siku, muuzaji naye anamwita yeye "casera", na baada ya kupima mzigo lazima kiongezwe kidogo cha bure juu. Aliyekulia Kariakoo au Kongowea hatahitaji kufundishwa adabu za pale.

Meza ya pilipili ndiyo tuliyokaa zaidi. Kule pilipili ndiyo msingi wa chakula chenyewe, ukali ni sehemu yake ndogo tu. Ají amarillo ni ndefu kama kidole, rangi ya chungwa ikiwa mbichi, ikishapikwa inageuka njano ya kung'aa. Ají panca inauzwa ikiwa kavu, nyekundu iliyokolea karibu na nyeusi, na ukiisaga inanukia kama tunda lililokaushwa. Ají limo ni ndogo na kali, inaingia kwenye samaki. Halafu kuna rocoto, ambayo kwa mbali ungeapa ni nyanya au hoho nyekundu. Mwalimu aliipasua moja mbele yetu: nyama nene, na ndani mbegu nyeusi tii. Mbegu nyeusi ndiyo alama yake, hakuna pilipili nyingine inayolimwa yenye mbegu hizo. Kwenye mji wa Arequipa wanaitoa mbegu na mishipa, wanaichemsha kupunguza ukali, wanaijaza nyama na jibini, inaingia oveni.

Nilikaa nikiangalia ile meza nikiwaza pilipili zetu zote, kuanzia kichaa mpaka mbuzi, asili yake ni mabara ya Amerika. Mahindi, mihogo, nyanya, viazi mviringo, viazi vitamu na karanga nazo ni hivyohivyo. Meli za Wareno zina mkono mkubwa katika kuzifikisha pwani yetu. Jiko letu lina deni kubwa kule kuliko tunavyokiri.

Sasa jikoni. Chakula cha kwanza kilikuwa ceviche, samaki mbichi anayeivishwa kwa ndimu. Wengi humu nadhani mnakijua kwa jina. Mwezi Desemba 2023 UNESCO iliingiza utayarishaji na ulaji wake Peru kwenye orodha ya urithi wa utamaduni, na wenyewe wana siku yake ya taifa, tarehe 28 Juni. Naeleza taratibu kama tulivyofanya.

Bakuli linakaa kwanza kwenye friji. Samaki ni wa nyama nyeupe, imara, asiye na mafuta mengi. Kule ni corvina au lenguado. Anakatwa vipande vya kama sentimeta mbili, kisu kikali, mkato mmoja usiorudiwa. Chumvi inatangulia peke yake, unageuzageuza mpaka samaki aanze kunata kidogo vidoleni. Ndipo inaingia ají limo iliyokatwa ndogondogo na majani ya giligilani (dania kwa ndugu zetu wa Kenya). Ndimu inakamuliwa moja kwa moja juu ya bakuli, na hapa mwalimu alikuwa mkali kweli: unakamua nusu ya nguvu tu, kisha unaitupa. Ukiibana mpaka mwisho, uchungu wa ganda unashuka na bakuli zima limeharibika. Akadondosha vipande viwili vya barafu, akakoroga, akavitoa kabla havijayeyuka. Kitunguu chekundu, kilichokatwa nyuzi nyembamba na kuoshwa kwa maji baridi, kinaingia mwisho. Dakika chache tu, mezani. Nje ya kipande pameshakuwa peupe, ndani bado panang'aa.

Pembeni panawekwa kiazi kitamu cha chungwa kilichochemshwa, mahindi ya Urubamba yenye punje kubwa kama jino, na bisi ngumu za kukaanga wanazoita cancha. Kiazi kitamu si pambo. Ukali na uchachu vikikuzidi, unakimega kidogo, ulimi unatulia, unaendelea.

Kumbe zamani samaki alilala ndani ya ndimu kwa saa nyingi. Kumwandaa haraka hivi kunatajwa kuwa ni mkono wa Wajapani. Kundi lao la kwanza lilishuka bandari ya Callao mwaka 1899, meli ya Sakura Maru, watu 790, kufanya kazi za mashamba. Wachina walitangulia: kuanzia 1849 hadi 1874 waliletwa vibarua wapatao laki moja, kwa mikataba ambayo haikuwa mbali na utumwa. Ndiyo maana chakula cha pili tulichopika, lomo saltado, kinapikwa kwenye karai la Kichina juu ya moto mkali sana. Nyama ya ng'ombe vipande virefu, kitunguu mapande, nyanya, ají amarillo, sosi ya soya na siki. Nyama inaingia kidogokidogo, ukiijaza yote inatoa maji na kuanza kuchemka badala ya kukaangika. Kisha chipsi zinachanganywa humohumo, na pembeni kuna wali. Chipsi na wali kwenye sahani moja! Kule hakuna anayeshangaa.

La tatu lilinigusa binafsi. Anticucho, mishikaki ya moyo wa ng'ombe. Moyo unasafishwa mishipa na mafuta yote, unakatwa bapa, unalazwa kwenye ají panca iliyosagwa, kitunguu saumu, bizari nyembamba, siki na chumvi. Unachomwa juu ya makaa, ukipakwa mafuta kwa ganda la mahindi lililochanwachanwa likawa kama brashi. Ukisimama mbele ya lile jiko saa moja usiku, moshi na mlio wa mafuta ni Forodhani mtupu. Na mkono wa Afrika umo. Lima ya ukoloni ilijaa Waafrika na wazao wao, utumwa ulifutwa mwaka 1854 tu, na jikoni na kwenye vibanda vya mitaani wao ndio waliokuwa wakipika. Mchoraji Pancho Fierro, mwenyewe mwenye asili ya Afrika, aliyeishi 1807 hadi 1879, ameacha picha nyingi za rangi za maji za wauzaji wa mitaa ya Lima. Nyama za ndani ambazo mabwana hawakuzitaka zikawa chakula ambacho leo nchi nzima inapanga foleni. Mwenye muda ashuke kusini hadi El Carmen, huko Chincha, ndiko jamii hiyo yenye asili ya Afrika ilikojikita zaidi.

Cusco nitaieleza kwa ufupi maana uzi utakuwa kitabu. Mji upo mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, si mbali na kimo cha kambi ya Horombo ya Kilimanjaro, na maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 90. Maharage yanachukua umri wake, kila jiko lina sufuria ya presha. Siku ya kufika usijiandikishe darasa lolote. Kunywa chai ya majani ya koka, lala. Ukishazoea, nenda Bonde Takatifu, maeneo ya Pisac au Urubamba, utafute darasa la pachamanca. Mawe yanawashiwa moto mpaka yapauke, shimo linapangwa kwa tabaka: viazi na viazi vitamu chini karibu na mawe, nyama zilizopakwa viungo zinafuata, maharage mabichi makubwa na mikate ya mahindi mabichi iliyofungwa kwenye maganda juu kabisa. Majani, vitambaa vilivyoloweshwa, halafu udongo. Moshi ukitokea sehemu, mtu anakimbia na koleo kuziba. Likifunuliwa baada ya kama saa moja, harufu inayopanda ni ya jani wanaloliita huacatay, na sijawahi kulinusa kwenye chakula cha kwetu.

Pale Cusco pia tulionyeshwa chuño, viazi vinavyoanikwa kwenye baridi ya usiku wa Juni na Julai vikaganda, mchana vinakanyagwa kwa miguu kutoa maji, tena na tena, mpaka vinakuwa vikavu kama kokoto na kukaa miaka. Ladha yake, niseme ukweli, inahitaji kuzoewa. Akili iliyobuni hilo naivulia kofia.

Karibuni kwa maswali.

#2 – Mchangiaji, Mombasa

Dadangu, shukran kwa uzi. Lakini samaki mbichi? Mimi mtoto wa pwani, samaki nimemla kila namna, ila awe amepita motoni. Hiyo ndimu inaua vijidudu kweli ama ni imani tu?

#3 – Mleta uzi

Swali zuri mno kaka, na mwalimu wetu hakulikwepa. Ndimu inabadilisha nyama ya samaki, inakuwa nyeupe na imara kana kwamba imepikwa, lakini haifanyi kazi ya moto. Minyoo ya samaki haifi kwa ndimu ya dakika kumi. Kinachokulinda ni samaki mwenyewe: wa leo, wa maji ya chumvi, aliyekaa kwenye barafu tangu chomboni. Ndiyo maana migahawa ya ceviche Lima inafanya kazi mchana, na mingi inafunga alasiri. Ukiona inauzwa usiku wa manane kwenye kibanda kisicho na barafu, pita.

Ukitaka kuifanya nyumbani, mgandishe kwanza samaki kwa nyuzi 20 chini ya sifuri siku 7, hiyo inamaliza minyoo. Friza nyingi za nyumbani hazifiki baridi hiyo, kwa hiyo pima kwanza. Bakteria haziuawi kwa kugandishwa, usafi wa mikono, ubao na kisu unabaki palepale. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu waiache.

Na Peru wenyewe wanajua hofu hiyo. Januari 1991 kipindupindu kililipuka pwani yao, mwaka ule wagonjwa walipita 300,000 na karibu 3,000 wakafariki. Watu walikimbia samaki kabisa, wavuvi wakakosa soko, mpaka Rais Fujimori akala ceviche hadharani kuwatuliza. Kwa hiyo mpishi wa kule akikwambia habari ya barafu na usafi, anaongea kitu alichokiona.

Kwa samaki wetu, mimi naona chewa na kolekole wanafaa. Na ndimu yetu ndogo ya kijani ndiyo ileile wanayotumia wao, hutahitaji kutafuta mbadala.

#4 – Mchangiaji, Arusha

Mkuu, nimeshtuka hapo kwenye huacatay. Mimi ni bwana shamba. Jina lake la kitaalamu ni Tagetes minuta, na mkulima yeyote wa nyanda za juu za Kaskazini au wa Kenya ya kati analijua kama gugu sugu. Linasimama kupita kiuno, maua madogo ya krimu, ukiligusa mikono inanuka mpaka jioni. Asili yake Amerika ya Kusini. Sisi tunapiga dawa kuliondoa!

#5 – Mleta uzi

Bwana shamba, umenifundisha kitu leo. Kule linauzwa fungu kwa fungu, na lililosagwa linauzwa kwenye chupa. Wanalisaga na pilipili, jibini na mafuta, wanachovyea viazi vya kuchemsha. Naomba tu wasomaji wasikimbilie kuchuma: kwanza awepo anayelitambua kwa uhakika kama wewe, pili lisitoke kwenye shamba lililopigwa dawa.

#6 – Mchangiaji, Maskati

Assalaam alaykum. Nimeupenda uzi. Sisi tusiokunywa pombe na tunaoangalia nyama ya halali, darasa hilo tunaliweza? Naona kila tangazo lina pisco.

#7 – Mleta uzi

Waalaykum salaam. Mnaliweza, ila semeni wakati wa kujiandikisha, msisubiri mezani. Karibu kila darasa la watalii linafunga kwa kuchanganya pisco sour: pisco ni pombe kali ya zabibu, inatikiswa na ndimu, sukari na ute wa yai. Ombeni badala yake mfundishwe chicha morada. Ni mahindi ya zambarau yanayochemshwa na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu, yakipoa yanatiwa ndimu na sukari. Haina kilevi, na kuijua kuna faida kuliko hiyo pisco. Angalizo: chicha de jora ni kitu kingine, hiyo ni pombe ya mahindi yaliyooteshwa.

Kuhusu nyama, jengeni darasa lote juu ya samaki na viazi, Lima ina vyakula vya kutosha. Lomo saltado waulizeni pia, wapo wanaorushia pisco au divai kwenye karai ili moto upande. Milimani mtakutana na cuy, yule mnyama mdogo anayefugwa jikoni, sisi tunamwita simbilisi au panya wa Guinea. Kwao ni chakula cha heshima cha sikukuu tangu kabla ya Wahispania. Ukikataa, kataa kwa adabu.

#8 – Mchangiaji, Kampala

Ndugu zangu, kuhusu hicho kiazi kitamu cha chungwa kuna jambo. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, kipo hapohapo Lima, La Molina, tangu 1971. Ndio waliosukuma viazi lishe vya rangi ya chungwa huku kwetu kupambana na upungufu wa vitamini A kwa watoto. Mwaka 2016 Mganda mwenzetu, Robert Mwanga, alishiriki Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo, pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis.

#9 – Mleta uzi

Asante sana, hili lilipaswa kuwa kwenye andiko la kwanza kabisa. CIP ndio wanaotunza pia hazina ya mbegu za viazi. Peru ina aina zaidi ya 3,000 za viazi mviringo, na sokoni Cusco, pale San Pedro, utaona vya zambarau, vyeusi, vilivyopindapinda kama tangawizi, na kila muuzaji anakwambia hiki cha supu, hiki cha kukaanga, hiki usikimenye kabla ya kuchemsha. Sisi tunauziwa "viazi", basi. Natamani wakulima wa Njombe na Mbeya wangepata soko linalouliza swali kama hilo.

#10 – Mchangiaji, Dodoma

Dada, Peru siendi leo wala kesho. Nipe kitu kimoja nipike Jumapili kwa vitu vya soko la Majengo.

#11 – Mleta uzi

Causa, kaka: viazi vilivyopondwa na kupangwa kwa tabaka. Hakuna cha kuagiza nje.

Chemsha kilo moja ya viazi vya unga na maganda yake. Vimenye vikiwa moto, viponde palepale mpaka pasiwe na donge hata moja. Vikipoa vinakuwa gundi na huna tena causa. Usitie maziwa wala siagi.

Badala ya ají amarillo, chukua hoho mbili za njano na nusu ya pilipili mbuzi isiyo na mbegu. Chemsha zilainike, menya hoho, saga zote na vijiko vitatu vya mafuta ya kula. Tia rojo hilo kwenye viazi kidogokidogo pamoja na chumvi na ndimu mbili, ukikanda kwa mkono kama unga wa chapati mpaka lisinate bakulini. Onja. Uchachu na ukali vyote lazima visikike, maana ubaridi utavipunguza.

Kati ya tabaka weka jodari wa kopo au kuku aliyechambuliwa, amechanganywa na mayonizi na kitunguu kilichokatwa kidogo sana. Tandaza viazi chini kwenye bakuli bapa, kisha samaki, kisha parachichi, funika na viazi tena. Friji saa mbili. Pindua kwenye sahani, juu weka mayai ya kuchemsha.

Huliwa baridi, mwanzo wa mlo. Watoto wapo nyumbani? Ile pilipili mbuzi iache kabisa, uwatengee wakubwa pembeni.